Tulivyoing'oa Ramani ya Diski Kwenye Kiini

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa keki, mkanivisha taji la karatasi, mkaimba. Kisha mmoja wenu, mdomo umejaa, akaniuliza: "Mathe, kwani ni nani aliamua kiini chetu kisijue patisheni? Mifumo mingine yote inajua. Ni sisi tu tuko na hako kaprogramu ka pembeni, kanachelewesha watu asubuhi." Wenzake wakacheka. Mimi nilishtuka hadi kijiko kikanitoka mkononi. Haikuwa hasira. Nilitambua tu kwamba hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua, na kwamba kazi hiyo mngeirudisha kule ilikotolewa bila kusita, tena kwa nia njema kabisa. Nikasema nitaandika, kwa sababu sauti ingenikatika mbele ya watu waliovaa mataji ya karatasi.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Hayo mtayapata wenyewe, na mtayalalamikia kama sisi tulivyoyalalamikia.

Nilianza kazi Kariobangi, kabla hatujahamia ofisi hii ya Umoja. Tulikuwa kwenye chumba kilichokuwa juu ya mafundi wa milango ya chuma. Chini walikuwa wakigonga na kuchomelea tangu asubuhi, na sisi juu tulikuwa tukifungua kompyuta kuukuu zilizoletwa kwa kontena kutoka ng'ambo, tunazifufua, tunaziuzia shule na zahanati za Eastlands, upande wetu huu wa mashariki mwa Nairobi. Mimi nilitoka Kaloleni, kwa baba aliyekuwa karani wa reli, mtu aliyepiga pasi hata leso ya kupengea kamasi. Siku ya kwanza nikavaa blauzi nyeupe. Sitaongeza neno. Mnaoijua Kariobangi mnajua ilirudi nyumbani na rangi gani.

Mwenye chumba alikuwa Njoroge, aliyetoka Murang'a akiwa kijana kuja kutengeneza redio, akahamia televisheni, akahamia kompyuta. Watu wote walimwita Baba Wambui. Hakunipa kompyuta. Alinipa brashi ya kupakia rangi na bisibisi moja, akaniambia nipanguse vumbi na ninuse. Nilidhani ananichezea shere kwa kuwa nimetoka chuo. Kumbe ubao ulioungua una harufu yake, na ukishaijua huisahau. Diski alinifundisha kuisikiliza kwa sikio. Ikikwaruza, inakufa. Ikinyamaza, ama ni nzima ama imeshakufa, na akifika hapo kwenye somo alicheka peke yake.

Alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Mteja akileta mashine iliyoharibika spika, alirudishiwa spika imepona, feni imetiwa mafuta, kibodi imeoshwa, na Baba Wambui hakutaja lolote. Msemo wake ulikuwa tenda wema nenda zako. Nilimpenda kama baba mdogo, na ninawaambia mapema ili msije mkamhukumu vibaya huko mbele.

Kwa wenzetu wa mapokezi na wa hesabu watakaosoma haya, acheni nieleze kidogo. Kiini ni ile programu ya ndani kabisa, inayoamka kwanza mashine ikiwashwa. Programu nyingine zikitaka kuandika kwenye diski zinakiomba kiini ruhusa. Kiini chenyewe hakimwombi mtu. Patisheni nazo ni vipande vya diski moja, kama vile mwenye nyumba wa Umoja anavyoikata nyumba yake vyumba vya kupangisha. Kipande kimoja ni cha mfumo, kingine ni cha kazi za watu, na mara nyingi kuna kingine ambacho ni ghala la muda, mahali ambapo kiini kinamwaga vitu kumbukumbu ya mashine ikijaa. Kipande kipi kinaanzia wapi na kuishia wapi, hilo limeandikwa kwenye ramani ndogo kichwani mwa diski. Diski za siku hizi zina pia nakala ya ramani hiyo mkiani, ya akiba.

Baada ya miaka kadhaa ya kuuza mashine zenye mfumo wa bure tuliouchukua mtandaoni, tulianza kuurekebisha huo mfumo uwe wa kwetu, wa Kiswahili, unaovumilia maisha ya hapa. Adui yetu alikuwa stima, yaani umeme. Inapotea bila hodi, inarudi kwa kishindo, inapotea tena. Diski ikikatizwa katikati ya kuandika, mara nyingi kinachoharibika ni ile ramani ya kichwani. Mwalimu anawasha mashine asubuhi, inamwambia hakuna kitu. Kazi za wanafunzi za muhula mzima, hakuna. Mimi nilikuwa ninapanda bodaboda na bisibisi mfukoni, ninafika, ninachukua nakala ya mkiani, ninaiandika kichwani, na kila kitu kinarudi. Mwalimu ananishika mikono yote miwili kana kwamba nimemfufulia mtu.

Basi siku moja Baba Wambui akauliza kwa nini tungoje watu walie kwanza. Akajifungia na kazi hiyo, akakifundisha kiini kuifanya chenyewe. Kiini kikiamka, kikasoma kichwa cha diski na kuona ramani haieleweki, kinakwenda mkiani, kinachukua nakala, kinaiandika kichwani, kinaendelea na safari. Hakisemi kitu. Mashine inawaka tu, na mwalimu hata hajui kwamba ameponea chupuchupu. Simu za asubuhi zikakoma. Tulimpongeza sote, mimi nikiwa wa kwanza, maana ni mgongo wangu uliokuwa unateseka kwenye zile bodaboda.

Sasa niwaeleze desturi moja ya Kariobangi ambayo ninyi hamkuikuta. Tuliiita kunyoa. Diski kuukuu ikitoka kwenye kontena huwa imejaa mambo ya mwenyewe wa kwanza. Kuifuta yote kunachukua kutwa, na stima haikupi kutwa. Kwa hiyo tulifuta kichwa tu. Diski iliyonyolewa inaonekana tupu kwa mashine yoyote, na ukianza kuijaza upya, ya zamani yanafunikwa kidogo kidogo. Jengo letu lilinyoa, na jengo la pili lilinyoa, na mtaa mzima ulinyoa. Mkia hakuna aliyeugusa, kwa sababu haukuwa umemsumbua mtu.

Najua baadhi yenu mmeshashika vichwa. Ngojeni kwanza.

Karibu na Kaloleni kulikuwa na kituo kidogo cha afya chenye mashine ya kupiga picha za moyo, ile wanayokupaka mafuta baridi kifuani kisha wanapitisha kirungu. Muuguzi aliyeiendesha alikuwa Sista Kerubo, mwanamke mpole asiyependa kelele. Picha hizo zinatembea kama sinema, kwa hiyo ni nzito, na kompyuta ya kituo ilikuwa imejaa. Baba Wambui akawawekea diski kubwa ya pili, ambayo aliinyoa kwa mkono wake, na hakuwatoza kitu, kwa sababu mke wake alikuwa akitibiwa hapo. Diski hiyo hakuikata patisheni. Alisema humo zitakaa picha peke yake, patisheni za nini? Akaacha picha zianzie kichwani kabisa. Njia hiyo haina ubaya wowote, na wapo wanaoitumia mpaka leo. Wakati huo kiini kilikuwa bado hakijafundishwa kurekebisha ramani, na mashine ya kituo ikakaa na mfumo huo wa zamani miaka bila shida.

Mama Wambui alikuwa mwanamke mrefu, mshonaji wa sare za shule, mwenye sauti ambayo hata mkuu wa shule aliitii. Vali moja ya moyo wake iliharibiwa na homa ya utotoni. Aliishi nayo vizuri hadi alipofika umri wa kuwa bibi, kisha akaanza kuchoka. Kila baada ya miezi kadhaa Sista Kerubo alimpiga picha, akaihifadhi. Hatimaye hospitali kubwa ya mjini ikamwita. Kulikuwa na madaktari wapasuaji waliokuwa wanakuja kutoka nje kwa muda mfupi, na nafasi zilikuwa chache kuliko wagonjwa. Daktari aliyekuwa akipanga foleni alimwambia aje na picha zake zote za nyuma. Picha ya leo, alisema, inaonyesha moyo ulivyo. Za nyuma ndizo zinazoonyesha unaharibika kwa kasi gani, na anayeharibika kwa kasi ndiye atakayetangulia kupasuliwa.

Baba Wambui alikwenda kituoni kuzichukua akiwa na furaha ya harusi. Alipofika akaona mashine bado iko na mfumo wetu wa zamani, ambao ulikuwa unanakili polepole. Kwa kuwa alikuwa amebeba mfumo mpya mfukoni, akauweka. Akazima, akawasha. Mashine ikawaka vizuri kabisa. Picha hazikuwapo.

Akafanya tunachofanya sote Eastlands, kwa redio, kwa friji na kwa simu. Akazima, akawasha. Zilipokosa kuonekana, Sista Kerubo akamshauri aiache ikae ikiwaka kidogo, pengine ina baridi. Wakaiacha, wakanywa chai. Wakazima, wakawasha tena. Ndipo akanipigia simu, na sauti yake haikuwa yake.

Nilifika nikaketi mbele ya mashine, nikaiambia inionyeshe diski zake. Diski ya picha ilikuwapo. Ila chini yake kiini kilikuwa kimeorodhesha patisheni tatu.

"Baba Wambui," nikamwambia, "si ulisema hii hukuikata?"

"Sikuikata."

Nikageuza skrini aone. Patisheni ya kwanza ilikuwa na jina, neno refu la lugha fulani ya Ulaya ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Ya pili haikuwa na jina. Ya tatu ilikuwa na alama ya ghala la muda, na mbele yake kulikuwa na namba ya matumizi. Nilikuwa ninaitazama ile namba ikapanda. Nikaitazama tena, ikapanda tena. Niliinama chini ya meza nikachomoa waya kutoka ukutani, sikuzima wala sikuaga, na Sista Kerubo akadhani nimepigwa na stima.

Ninyi mliosoma mmeshaelewa. Kiini kipya kiliamka, kikaenda kwenye kichwa cha diski, kikakuta mwanzo wa picha ya moyo wa mtu. Kwa macho yake hiyo ilikuwa ramani iliyoharibika. Kikaenda mkiani, na huko kikakuta ramani ambayo hatukuwahi kuifuta, ya huyo mwenye diski wa kwanza, mtu wa nchi ya mbali ambaye hata sura yake hatuijui. Kikafurahi. Kikainakili kichwani, juu ya picha. Kisha kikasoma ramani hiyo kikaona humo mna ghala la muda, kikadhani ni ghala letu, kikaanza kumwaga takataka zake ndani, juu ya picha nyingine. Kila mara walipoiwasha ili kuokoa, iliendelea kumwaga. Na ule muda walioiacha ipate joto, kilikuwa kinafanya kazi.

Baba Wambui aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa. Kisha akasema, "Mueni, ni mimi niliyekifundisha." Nilikuwa nimeshika ule waya bado.

Tuliifungua diski, tukaifunga kwa sweta ya Sista Kerubo, tukairudisha Kariobangi. Nilipofika mezani kwangu nikachukua kebo ili niichomeke niangalie kilichobaki. Baba Wambui akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, mtu ambaye hajawahi hata kunigusa bega.

"Usichomeke."

Nikainua macho, nikatazama chumba chetu. Mashine ya mezani kwangu ilikuwa na kiini kile. Zile zilizopangwa ukutani, tayari kwenda shuleni, zilikuwa na kiini kile. Hata ya mafundi wa milango kule chini tuliwapa sisi. Chumba kizima cha kompyuta, na hakuna hata moja ambayo tungeiruhusu iitazame diski hii, kwa sababu kutazama kwake kulikuwa ni kuandika. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini sisi nguo tulikuwa tumeishona wenyewe. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa na mashine ya mfumo tofauti. Tukaijaribu kwanza kwa diski nyingine iliyonyolewa, na kabla hatujagusa kitu ikatokeza dirisha ikitaka ruhusa ya kuiandaa upya, yaani kuifuta. Angalau hiyo iliomba ruhusa. Tukashukuru, tukashuka ngazi.

Ilibidi tutengeneze kiini kingine. Mimi nilitaka tuondoe ule urekebishaji wake tu, tuache mengine. Baba Wambui akakataa. Alikuwa mkali siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema shida haikuanzia kwenye kuandika, ilianzia kwenye kusoma. Kiini kikiruhusiwa kusoma ramani, siku moja kitakutana na picha, au wimbo, au barua ya mtu inayofanana na ramani, na kitaiamini, na kila programu itakiamini kwa sababu ni kiini. "Huko kusoma kutolewe kote," akasema. "Kiini kipewe diski kama gunia lililofungwa. Kusema ndani mna nini iwe kazi ya programu ya nje, ambayo ikikosea, kosa linaishia hapo hapo."

Alifuta mwenyewe. Mjue kwamba ndani ya kiini mlikuwa na sehemu za kusoma ramani za kila aina, hata za mashine ambazo zilishaacha kuundwa na ambazo hazijawahi kukanyaga Nairobi. Zote akazipitia moja moja, anasoma, anafuta. Za mkono wake mwenyewe, zile zilizotunyamazishia simu za asubuhi, alizifikia mwisho. Nilidhani ataziweka pembeni kwa kumbukumbu. Hakuziweka.

Kiini kipya kilipoamka mara ya kwanza mashine iligoma kabisa, kwa sababu tulisahau jambo la kitoto: mfumo wenyewe unakaa ndani ya patisheni, na sasa kiini hakijui patisheni ni nini. Kikabaki kinaitazama diski yake kama mgeni aliyepotea mtaa. Ndiyo sababu kile kiprogramu mnachokilalamikia kimo ndani ya kifurushi kinachopakiwa pamoja na kiini, kabla ya kitu kingine chochote. Nilikiandika mimi. Kinasoma kichwa na mkia bila kuandika hata herufi, kinamwambia mtu kilichoona, kinamuuliza kifanye nini. Kwa diski ya mfumo unakijibu mara moja tu, kinakumbuka. Kwa diski ngeni kinauliza kila mara. Akishakubali mtu, ndipo kinakiambia kiini: kipande hiki kinaanzia hapa, kinaishia pale. Kiini kinatii, hakina maoni.

Ndipo tukaichomeka diski ya kituo. Ikaonekana kitu kimoja tu, diski, basi. Nilitamani kuipigia magoti. Tukainakili yote kwanza, kisha tukaanza kutafuta picha kwenye nakala. Zikaanza kutoka. Baba Wambui alikuwa anasoma majina kwa sauti kila moja linapojitokeza, na mimi ninamtumia Sista Kerubo ujumbe, naye anajibu asante Yesu, asante Yesu. Wagonjwa wengi sana walipatikana. Jina la Mama Wambui likatokea, picha yake ya kwanza kabisa, ya zamani. Tukaifungua. Moyo ukaonekana ukipiga, mweusi na mweupe, na Baba Wambui akaweka kidole kwenye skrini.

Nyingine zake zote zilikuwa zimeangukia ndani ya patisheni ya tatu.

Tulizifungua hata hivyo. Mtu hawezi kuacha kufungua. Ndani yake kulikuwa na vitu vilivyomwagwa na mashine yetu: vipande vya menyu, majina ya fonti, na mahali palipokuwa na moyo wa yule mama, mara nyingi, tena na tena, ile salamu tuliyoiandika sisi wenyewe ya kumkaribisha mtu asubuhi: Karibu, kila kitu kiko salama. Niliisoma nikadhani nimechanganyikiwa. Baba Wambui aliisoma pia. Mpaka leo sijui kilichokuwa kinapita kichwani mwake, na sikuthubutu kumuuliza.

Akaniomba nimsindikize nyumbani, maana habari ya namna ile haipelekwi na mtu mmoja. Walikuwa wanakaa Kaloleni, si mbali na nyumba niliyolelewa mimi. Mama Wambui alitukaribisha, akakataa kusikia chochote kabla hatujanywa chai, na tulikunywa kwa shida. Kisha mumewe akamweleza yote, hakuficha, hata ile salamu alimwambia. Yeye alisikiliza akiwa ameshika kitambaa cha sare mapajani. Mumewe alipomaliza, hakumtazama yeye, alinitazama mimi, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Mutua, hiyo mashine iliuliza kabla ya kufanya hivyo?"

"Haikuuliza, mama."

Akamgeukia mumewe. "Basi kweli ni wewe uliyeifundisha," akasema. "Umeishi na mimi miaka yote hii ukinirekebishia vitu ambavyo sijakuambia vimeharibika." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Baba Wambui akalia pale pale mbele yangu kwenye kochi. Nilitamani ardhi inimeze.

Hospitalini daktari aliitazama picha ya zamani, akaitazama na mpya aliyompiga mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba kati ya hizo mbili kuna miaka mingi, na hawezi kujua moyo uliharibika polepole kwa miaka yote au ghafla juzijuzi. Wagonjwa wengine walikuwa na picha zao zote. Akamwandikia nafasi ya safari nyingine ya wapasuaji, akamwambia aanze upya kupigwa picha Kaloleni kila mwezi ili safari hiyo awe na ushahidi. Sista Kerubo alimpiga ya kwanza. Akampiga ya pili, na siku hiyo nilikuwapo, na kwa macho yangu mimi nisiye daktari niliona moyo umechoka kuliko ule wa mwezi uliotangulia. Ya tatu haikupigwa. Mama Wambui alifariki akiwa kwenye cherehani yake, sindano imezama kwenye kola ya shati la mtoto wa watu.

Nilipopigiwa simu sikulia. Hata leo ninapoandika ninashtuka upya. Sijui kama upasuaji ungemponya. Daktari naye hakujua, alisema hivyo waziwazi. Tulichomnyima ni nafasi yake kwenye foleni, na tulimnyima kwa kiini ambacho sote tulikuwa tumekisifu. Watu wakiniuliza kwa nini nilikaa kwenye kazi hii baada ya hapo, ninawaambia kulikuwa na shule na zahanati zilizokuwa bado na kiini kile, na ilibidi mtu aende mlango kwa mlango kukitoa. Nilikwenda mimi. Sikumaliza haraka, na sikuondoka kwenye mlango wowote mpaka nilipoona kiprogramu kimeuliza.

Baba Wambui alirudi kazini baada ya matanga. Tulikuwa bado na ile diski yenyewe, si nakala, kwenye droo yangu ndani ya sweta, maana Sista Kerubo aliogopa kuja kuichukua. Siku moja baada ya chakula cha mchana akaifungua droo, akaitoa, akaichomeka kwenye mashine yake bila kuniambia. Nikainuka kwenye kiti changu, nikasimama nyuma yake. Kiprogramu kikasoma kichwa na mkia, kikaandika: Nimeona diski ngeni yenye ramani ya patisheni tatu. Nizitumie, niifute ramani, au niiache diski ilivyo?

Alisoma swali hilo kwa muda mrefu, midomo inatembea kama mtu anayesoma Biblia. Mkono ulikwenda kwenye kibodi ukarudi. Ukaenda tena. Nilimjua vya kutosha kuelewa ni kitu gani vidole vyake vilikuwa vinatamani, na nilijua kwamba ndani ya diski ile hakuna tena kitu cha kurekebisha.

"Mueni," akaniuliza bila kugeuka, "wewe ungebonyeza nini?"

Nikamwambia diski ni yake, achague yeye. Akabonyeza ya mwisho, iachwe ilivyo. Kiprogramu kikaandika: Sawa. Baba Wambui akaondoa mikono mezani, akaiweka mapajani, akakaa akilitazama neno hilo mpaka skrini ikazimika yenyewe.